Ndege Ndani ya Simu Yangu

Benchi yetu ya mutaa wa Cimpunda iko pembeni ya thermos ya Assani, muuza kahawa. Docteur ni mushona viatu; alilala hospitali mwezi moja, akatoka na jina hilo. Parabole, jina la antena ya televizyo, anakamata habari zote, hata zenye hazijatokea. Asubuhi ile nilikaa nao, mimi bibi mwenye wanaita Koko, simu kwenye kifua. Binti yangu Bintu alikuwa anazaa kule Katana. Tulipatana hivi: mutoto akitoka, ananipigia mara moja, kama ni binti, mimi nasema "Eulalie", jina langu, na infirmière, muuguzi, anaandika. Kwetu, mwenye kutamka jina wa kwanza njo anashinda. Na mama mukwe wake, Godelive, alikuwa tayari pembeni ya kitanda, mudomo wazi kama mufuko wa makaa.

Simu haikulia tangu jana.

— Koko, iko na rezo, mutandao? Assani akaniuliza.

— Iko na kandege kadogo pale juu. Docteur njo aliiweka jana.

— Mode avion, akasema Docteur. Koko anabeba simu kwa kifua, mionzi inamuchoma roho. Nikaifunga. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

— Nani anakufa hapa? nikauliza.

— Hapana mutu, Koko. Ni methali tu.

Parabole akasukuma kikombe.

— Shida haiko kwa ndege. Rezo ya Katana inapita juu ya ziwa. Ukungu ukilala kwa maji, call inalowana, inakuwa nzito, inazama karibu na kisiwa cha Idjwi.

— Basi sambaza, samaki wadogo wa ziwa, njo wananijibia?

— Usicheke, Koko. Uliona sambaza ya wiki hii? Iko na kelele mu mafuta.

Assani akaweka simu yake karibu na yangu, zikagusana juu ya thermos.

— Bluetooth, akasema. Yangu iko na rezo nyingi, itaazima yako. Haba na haba hujaza kibaba.

Tukangojea. Kibaba hakikujaa.

— Tutoe na batri, Docteur akasema. Simu ipumue kidogo. Mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu Godelive anaila saa hii.

Mama moja akatua beseni yake ya sambaza akaomba kahawa. Ni Amisa, mugeni, alihamia juzi nyuma ya kisima. Alitusikiliza huku anakunywa.

— Samahani, Koko. Kama mulifunga njia mionzi isipite, call nayo itapitia wapi?

Parabole akaangalia ndani ya kikombe chake. Assani akatikisa thermos: ilikuwa imeisha. Docteur akakumbuka kwamba kuna viatu.

Amisa akagusa kandege mara moja, kakaenda.

— Ukiogopa mionzi, Koko, iweke mu kitunga, mbali na kifua. Lakini usiifunge.

Mara simu ikaanza kutetemeka kama mutu wa malaria. Ujumbe kumi na ine. Amisa akanisomea ya mwisho: "Mama, nakupigia tangu jana. Ni binti. Infirmière alichoka kungojea. Anaitwa Godelive."

Nikamuuliza Docteur kama ndege yake inaweza kunifikisha Katana mbele ya wino kukauka. Alikuwa ameinama, anashona kiatu changu cha kushoto, chenye hakikuwa na tundu.