Kamera ya Kinyozi na Zile Mega Ishirini na Nne

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda cha kinyozi, mguu mmoja umeinuliwa kwa kipande cha tofali. Juu ya benchi, chini ya bati, kuna kamera ya kinyozi inayotazama geti la ghala mkabala. Jana saa tatu asubuhi, vibanda vikiwa bado vimefungwa na sisi wengine tuko makazini, lori lilirudi kinyumenyume, likaliangusha lile geti, likatokomea. Breki, dereva wa kigari cha kusambaza mikate, akasimama alinyanyue. Mwenye ghala kutoka, akamkuta yeye, akasema ndiye aliyeliangusha. Sasa bosi wa Breki amesema atakuja leo saa kumi na moja na nusu aone picha ya kamera kwa macho yake, la sivyo funguo za kigari zirudi. Kinyozi alishaangalia mchana: lori linaonekana waziwazi. Kwa hiyo saa kumi na robo tulikuwa tumekaa roho kwatu, kahawa inamiminwa, mpaka Chaji, fundi simu wa kibanda cha pili, alipouliza kadi ya kamera ina ukubwa gani.

KINYOZI: Giga thelathini na mbili. Ikijaa inafuta picha za zamani, inaweka mpya.

CHAJI: Na kwa saa moja inakula ngapi?

KINYOZI: Boksi linasema mega elfu moja.

Mzani, muuza nafaka, akaweka kikombe chini.

MZANI: Giga moja, saa moja. Saa thelathini na mbili toka jana saa tatu asubuhi... Jamani! Leo saa kumi na moja kamili picha ya lori inafutwa!

BREKI: Na bosi anakuja na nusu!

CHAJI: Tulia kaka. Giga si mega elfu. Ni elfu moja na ishirini na nne. Zidisha kwa giga zote, unapata kama robo tatu ya saa juu yake. Bosi anaikuta.

MZANI: Hizo ishirini na nne zimetoka wapi? Kilo ni gramu elfu, hata ukienda mwezini.

CHAJI: Wewe una vidole kumi ndiyo maana unapenda elfu. Kompyuta inajua kuongeza mara mbili tu. Mbili, nne, nane, kumi na sita, inapanda hivyohivyo. Kwenye elfu haisimami, inaipita.

MZANI: Haya, niambie. Nilinunua kadi ya thelathini na mbili, mbona simu ilisoma ishirini na tisa na ushee?

CHAJI: Simu inapima kwa elfu na ishirini na nne.

MZANI: Na kiwandani walipima kwa elfu! Si umeona? Kibaba cha kuuzia kidogo, kibaba cha kupimia kikubwa. Hiyo biashara naijua mimi.

Chaji akakuna kichwa. Breki akampigia bosi aje mapema. Bosi akasema na nusu ni na nusu, akakata.

KINYOZI: Mnasahau usiku. Usiku ni giza, na giza halina kitu. Litajaza nini? Hapo tumeokoa giga nne nzima.

CHAJI: Halafu jana ulinyoa vipara vingi. Kipara ni chepesi, hakuna nywele za kurekodi.

MZANI: Ila huyu kinyozi mwenyewe na tumbo lake, akipita tu mega mia!

BREKI: Jamani, kazi yangu hiyo!

KINYOZI: Haraka haraka haina baraka, mdogo wangu. Kunywa kahawa.

Tulicheka, nami nilicheka sana. Tulikuwa tumefika kwenye swali la kama mvua nayo ina uzito, dada mmoja akaja kuchukua simu yake kwa Chaji. Alisimama akatusikiliza, akainua macho kwenye bati.

— Samahani kaka zangu, akasema. Hiyo kamera mnayoihesabia, mbona hamjaizima?

Tukatazama juu. Kitaa chekundu kinawaka. Nikamtazama Mzani, Mzani akamtazama Chaji.

Kinyozi aliruka akachomoa waya. Saa ya ukutani kwake ilisema kumi na moja na dakika tatu. Chaji akachomeka kadi kwenye kompyuta, sote tukamwinamia mgongoni. Picha ya mwisho kabisa ilikuwa yetu: benchi, birika, vidole vya Mzani hewani. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya geti. Liko chini tayari. Lori hakuna. Yupo Breki peke yake, anaangalia huku na huku.

— Kwa hiyo ni elfu, Breki akasema.

— Elfu, Mzani akajibu. Sijawahi kumwona ameshinda ubishi akainamisha kichwa.

Nikaenda kumimina kahawa ili mikono ipate kazi. Birika lilikuwa tupu. Honi ikalia kwenye kona, na sote tuliijua gari ile. Bosi alikuwa amewahi.