Kadi Arobaini za Mwalimu Bernadeta

Benchi ni langu, kwanza tuelewane. Ni ubao niliouweka juu ya madebe mawili mbele ya duka langu la cherehani, hapa Newala, ili mteja akija kupimwa suruali apate pa kukaa. Mteja hajawahi kukaa. Wanakaa hawa: Balozi Alfani, mkubwa wa nyumba zetu kumi; Justin tunayemwita Redio, karani wa ghala la korosho, ambaye msimu ukiisha hana korosho ya kupima anapima maneno; na mzee Bama, aliyekwenda kupigana Burma enzi za Mwingereza na mpaka leo hajarudi. Mzee Dadi huweka birika lake la kahawa kwenye kizingiti changu, na ruhusa hakuniomba. Mwaka ni sabini na mbili, Mreno anapigana na wapigania uhuru ng'ambo ya Ruvuma, na kila mtaa umeagizwa uwe macho. Hawa wamekuwa macho mpaka wamenichosha.

Asubuhi hiyo Balozi alikuwa amekalia bahasha, kubwa, ya kaki. Aliichukua jana yake jioni kwa Mwalimu Bernadeta, anayefundisha hesabu shule ya sekondari, mtu wa Moshi. Alimkuta stendi anakata tiketi, akamwambia afungue mzigo, akakuta ndani kadi arobaini zenye matundu matundu, neno hata moja hakuna. Akazizuia mpaka Katibu Tarafa arudi kutoka Mtwara, na Katibu anarudi kesho. Basi la Mwalimu linaondoka leo saa sita mchana.

Redio: Kwani anakwenda wapi hasa?

Balozi: Dar es Salaam, kozi ya wiki sita. Anasema wizara imewaita walimu wa sekondari wakajifunze mashine inaitwa kompyuta, wakirudi wafundishe watoto.

Bama: Mwalimu anafundishwa tena? Sisi bunduki tulifundishwa mara moja, ikatosha vita nzima.

Dadi: Mwenyewe anasema ameiomba nafasi hiyo miaka mitatu, barua juu ya barua. Kusini kote amepata yeye peke yake. Akifika bila hizo kadi hawampokei, nafasi anapewa mwingine. Kaniambia leo alfajiri, anakunywa kahawa, mkono unamtetemeka.

Redio: Mtu asiye na hatia hatetemeki.

Dadi: Kikombe kilikuwa cha moto.

Sasa mimi matundu yale nayajua. Wiki hii yote Mwalimu alikuwa anakuja dukani baada ya vipindi, anaazima koleo langu la kutobolea mikanda, na huku anatoboa ananieleza. Kila kadi ni mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu. Matundu ya safu mbili za kwanza ni alama za hesabu, la safu ya tatu ni daraja la Kiswahili, la nne siasa. Wizara ilimwagiza kila mwalimu aje na darasa lake zima likiwa tayari, maana mashine haisomi wino, inasoma matundu. Alipoota malengelenge nikampokea koleo. Kadi kumi na moja nimetoboa mimi kwa mkono wangu huu.

Ningesema. Lakini mama yangu alizaliwa Mueda, ng'ambo kwa Mreno, na Balozi anajua. Mwaka jana fundi wa kutengeneza redio wa mtaa wa pili aliwekwa ndani siku tisa kwa sababu ya waya aliotundika juu ya paa, na alipotoka duka hakulifungua tena. Niliogopa, jambo hilo sina jina jingine la kuliita. Koleo lilikuwa mezani, nikalifunika na kipande cha kaki, nikaendelea kushona.

Bama: Hebu nipe moja niione.

Balozi akachomoa kadi kwa ncha za vidole. Bama akainyanyua juani, akafumba jicho moja.

Bama: Hizi tuliziona Burma. Unaishika hivi, jua linapita matunduni, mwanga unapiga juu. Rubani wa Mreno anasoma huko huko aliko.

Dadi: Jua liko juu, rubani yuko juu. Mwanga utapigaje juu?

Bama: Wewe ulikuwa Burma?

Dadi: Sikuwa.

Bama: Basi mimina kahawa.

Redio: Mzee, mambo ya jua yamepitwa. Kompyuta haina macho. Unailisha kadi, inatafuna, inatema uamuzi. Kadi arobaini, watu arobaini. Mwenye tundu huku juu anabaki mjini, mwenye tundu huku chini anahamia kijiji cha ujamaa. Hakuna kikao, hakuna mwenyekiti. Mashine imesema, imesema.

Balozi: Mimi tundu langu liko wapi?

Redio: Nitajuaje? Pengine ndiyo hiyo uliyoikalia.

Balozi akainuka kidogo, akaitazama bahasha, akaketi tena upande upande. Redio maskini hajui kwamba hiyo kadi anayoishangaa Bama ni ya binti wa dada yake yeye Redio, Yuliana, mwenye alama themanini na nne za hesabu. Niliitoboa mimi, na matundu yake nayajua.

Dadi: Nyinyi mnakwenda mbali bure. Bomba limekauka tangu lini?

Redio: Jumatatu.

Dadi: Na barua ya kumwita Mwalimu ilifika lini?

Redio: Jumatatu. Nilikuwapo posta.

Dadi: Haya sasa. Uwanda wote huu hauna mto. Tunategemea bomba, na bomba likigoma wanawake wanashuka bondeni. Kahawa hii mnayokunywa maji yake mke wangu ameyafuata huko bondeni Kitangari. Adui hana haja ya bomu hapa, anataka kujua tu tunakunywa wapi. Hayo matundu ni visima. Hiyo ni ramani.

Balozi: Visima vyote hivyo? Kadi moja tu hii ina matundu manne. Mara arobaini...

Redio: Mia moja sitini.

Balozi: Newala nzima hatuna visima mia moja sitini.

Dadi: Ndiyo ujue wanavijua na vile ambavyo sisi hatuvijui.

Hapo hapo Bama akairudisha kadi haraka, Balozi akaipokea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga asiye wake.

Balozi: Mimi hayo yote nayaacha. Kinachonitia shaka ni kimoja. Jana nilimuuliza Mwalimu, hivi umetoboa na nini? Akasema, msumari.

Bama: Msumari unachana. Tazama hili, duara kabisa, ukingo laini. Msumari gani huo?

Balozi: Ndiyo maana sikumwachia. Mtu wa kweli atadanganya jambo dogo namna hii kwa nini?

Nilikuwa sijalisikia hilo la msumari. Mwalimu alikuwa na njia nyepesi kabisa: mwulizeni Fundi. Maneno mawili tu, bahasha ingekuwa mkononi mwake tangu jana. Lakini siku moja, tukitoboa, nilimsimulia habari za mama na za yule fundi wa kutengeneza redio. Alinisikiliza huku anatoboa, na mimi nikadhani hakutilia maanani.

Balozi: Fundi, mbona kimya leo? Wewe unaonaje?

— Mimi nashona, Balozi.

Bama: Mwache. Mambo haya si ya vifungo.

Saa sita kasorobo akaja Basil, kondakta wa basi, mfuko wa tiketi shingoni. Si mtu wa benchi letu, hana muda wa kukaa.

Basil: Shikamooni, wazee.

— Marahaba, tukaitikia.

Basil: Dereva ameshawasha gari. Mwalimu hapandi bila bahasha yake, na mimi abiria wananisema. Nina swali moja tu. Mwalimu ni mpelelezi?

 Dadi akainamisha birika, yakatoka machicha.

Basil: Maana kama ndiye, mbona mmemwacha stendi peke yake tangu alfajiri, anamenyeana machungwa na abiria wangu? Na kama siye, mzigo wake mmeushikia nini?

Redio akatazama ndani ya kikombe.

Balozi: Sikiliza, kijana. Mimi si mtu mbaya. Mtu yeyote aniambie kweli matundu haya yametobolewa na nini, bahasha nampa sasa hivi, na Katibu nitamjibu mimi.

Basil akatutazama mmoja mmoja, na mimi nikiwemo.

Basil: Haya. Yupo anayejua?

Nilikuwa na uzi mdomoni. Nataka niseme kwamba ni uzi ulionizuia, lakini uzi hutolewa. Basil alisubiri, akatazama saa yake, akasubiri tena, muda mrefu kuliko nilivyotegemea mtu wa basi asubiri. Kisha akaaga kwa adabu na kuondoka. Tukasikia honi mara mbili, tukaliona basi linapita kuelekea barabara ya Mtwara na vumbi lake.

Balozi: Angekuwa na haki, yangepatikana maneno ya kumtetea.

Redio: Kabisa.

Dadi: Kahawa imekwisha.

Hawajainuka bado Mwalimu akapita, sanduku lake la bati mkononi, anarudi shuleni. Alikuwa na kipindi cha mchana alichokuwa amemwachia mwenzake. Akasimama mbele ya benchi, akawaamkia wote shikamooni, wakaitikia marahaba huku wakitazama viatu vyao. Halafu akageukia mlangoni kwangu.

— Pole na kazi, Fundi.

— Asante, Mwalimu, nikamjibu.