Mwalimu Zilpah Namalwa Kipkoech na Ukuta wa Lugari

Wasifu huu unasomwa na Mitchel, kitinda mimba wake. Familia imeniomba nisome polepole.

Mwalimu Zilpah alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 huko Mayoni, Matungu, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Isaiah Andati, mkulima wa miwa, na marehemu Dorika. Nyanya yake alitoka Mumias. Ndiye aliyemsimulia habari za ufalme wa zamani na misafara ya pembe za ndovu iliyokuwa ikipumzika pale. Mama akawa anaichora misafara hiyo kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni. Alichapwa kwa ajili hiyo. Hakuacha.

Alisomea Mayoni, akahitimu ualimu mwaka 1979, na Januari 1980 akatumwa kufundisha hapa Lugari. Alibaki hapa hadi alipostaafu mwaka 2017. Wakati wa likizo alikuwa akienda msitu wa Kakamega kutazama mbega na ndege, akirudi na karatasi zilizojaa michoro.

Tarehe 14 Aprili 1984 alifunga ndoa na Kipkoech, dereva wa trekta kutoka ng'ambo ya mto Kipkaren. Siku moja Baba alitoka shambani na njaa, akafunua sufuria, akakuta ndege wa manyoya ya buluu. Mama alikuwa amemwokota barabarani, amekwisha kufa.

"Mama Kiprotich, hii ingokho ni ya wapi?" aliuliza, akidhani ni kuku.

"Funika. Sijamaliza kumchora."

Siku hiyo walikula obusuma, ugali wetu, kwa mboga.

Mwaka 2003 kamati ya soko ilimwomba apambe ukuta mrefu wa ukumbi. Alichora Lugari tangu zamani: nyati na chui waliokuwa hapa kabla ya mashamba, wafugaji wa jamii ya Baba na ng'ombe wao, Wazungu na nyaya zao za uzio, kisha familia zetu zikishuka kwenye malori na magunia ya mbegu. Wazee walikuja kumsahihisha pembe za ng'ombe, naye akafuta, akachora tena.

Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika huku, Baba alikuwa kwa kaka yake ng'ambo, akashindwa kurudi. Vijana walimchukua Mama nyumbani wakampeleka ukumbini. Wangila, aliyekuwa mwanafunzi wake, alimpa brashi.

"Mwalimu, futa hawa wa ng'ombe. Hapa si kwao."

"Nikiwafuta hawa, nimemfuta mume wangu. Na watoto wangu je, niwafute nusu?"

"Tafadhali, Mwalimu. Hawa wenzangu hawaombangi."

Mama aliweka brashi chini. Walimsukuma akaanguka, wakawamwagia wale wafugaji oili chafu. Alirudi nyumbani akatupikia uji.

Baba alirudi mwezi wa Machi. Wiki hiyo hiyo Mama alianza kuukwangua ukuta. Wangila alimkuta huko.

"Mwalimu, nipe msasa."

Akampa. Walisugua pamoja, kila siku, mpaka ukuta ukawa tayari kupakwa rangi, na Mama akawachora wafugaji upya. Lakini oili ilipenya rangi. Hata leo, jua likiwa kali, doa linaonekana. Kamati ilipotaka kupiga plasta, Mama alikataa.

"Liacheni," alisema. "Na hilo pia lilitokea hapa."

Juni 2023 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Alijifunza kushika penseli kwa mkono wa kushoto. Mbega wake walitoka na mikia iliyopinda, akawacheka mwenyewe. Kiharusi cha pili kilimpata Oktoba mwaka huu wa 2025, na akafariki hospitalini Jumanne asubuhi, tarehe 4 Novemba. Nilikuwa nimeenda kumsuuzia kikombe. Niliporudi, muuguzi aliniambia pole. Nikamjibu asante.

Amemwacha mumewe, Kipkoech, watoto wake Kiprotich, Sellah na Mitchel, wajukuu watano, ndugu zake wa Mayoni, na wengi waliojifunzia kuchora mikononi mwake.

Watu wananiuliza kama nimelia. Bado. Leo asubuhi nilimgongea Mama mlango, nikamwita ajiandae tusichelewe mazishi.

Pumzika, Mwalimu. Mungu akutunze.