Ermes Cavazzuti na Namba 0117

Waliofika katika kanisa la parokia hapa Nonantola leo, Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2019, ni Ivonne Cavazzuti, binti wa marehemu, Loris Cavazzuti, mwanawe wa kiume, aliyetoka Bologna pamoja na mkewe Graziella, Ulderico Bergonzini, shemeji wa marehemu, aliyepewa na familia kazi ya kusoma historia hii, mafundi kumi na mmoja waliostaafu wa karakana ya magari ya mbio ya Ruozzi, ambao tangu mwezi Mei hawakuwa wakimsalimu marehemu, Bwana Harlan Dettweiler wa Pennsylvania, Marekani, na katika safu ya mbele, kwa ombi lake mwenyewe na kwa mshangao wa wengi, Bi Loredana Pignatti.

Marehemu Ermes alizaliwa hapa Nonantola, Jumanne tarehe 3 Machi 1931, akiwa mtoto wa pili wa Celso Cavazzuti, mkulima wa zabibu, na Bi Desolina Reggiani, akasoma shule ya msingi ya hapa hapa hadi darasa la tano, kisha masomo ya jioni ya ufundi wa chuma mjini Modena, akamaliza Juni 1947, na tarehe 1 Septemba mwaka huo akaajiriwa na Bwana Gaetano Ruozzi, alikodumu miaka arobaini na minne. Kazi yake ilikuwa kuunga chesisi, kiunzi cha chini cha gari, na kugonga namba juu yake kwa mihuri ya chuma na nyundo, tarakimu moja moja, na Bwana Ruozzi alizoea kuwaambia wateja, "Hati zinaweza kupotea, lakini mkono wa Ermes naujua hata gizani."

Alifunga ndoa na Bi Iolanda Bergonzini katika kanisa hili, Jumamosi tarehe 15 Septemba 1956, wakajaliwa Ivonne tarehe 2 Februari 1958 na Loris tarehe 19 Agosti 1962, na Bi Iolanda alitangulia tarehe 6 Desemba 2011.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Aldo Pignatti, dereva wa Ruozzi, aliyeshinda mbio za mlimani huko Ufaransa, Jumapili tarehe 7 Julai 1957, kwa gari jekundu lenye namba ya chesisi 0117. Aldo alifariki mbioni, katika gari jingine, Jumapili tarehe 14 Juni 1959, akamwacha mkewe, Bi Argia, na binti mmoja wa miaka sita, ndiye Loredana, na Bwana Ruozzi akampa mjane gari jekundu lililobaki karakanani liwe ukumbusho. Kwa miaka sitini gari hilo lilikaa katika banda la akina Pignatti, likijulikana na mji mzima kuwa ndilo 0117, ingawa kuanzia mwaka 1994 Bwana Dettweiler naye alidai kuwa 0117 analo yeye, akiwa na hati ya kuuziwa ya mwaka 1958.

Mwaka huu Bi Loredana, ambaye hana mtoto, alikubali gari liende mnadani, kwa sharti kwamba mnunuzi aliweke mahali pa kutazamwa na watu, chini ya jina la baba yake, na dalali alilikadiria kuwa euro milioni nne likiwa ndilo gari la ushindi, na laki sita likiwa silo. Mnada ulifanyika Cernobbio, kando ya ziwa, Jumamosi tarehe 25 Mei 2019, na Ermes alialikwa kama mgeni wa heshima, akavaa suti ya harusi ya Loris. Kabla bei haijaanza kutajwa, mkaguzi wa mnada alitangaza kwamba kipimo chake kimeonyesha chini ya namba 0117 alama za namba nyingine, 0122, iliyofutwa kwa tupa, na dalali akamgeukia Ermes mbele ya watu mia tatu.

"Mzee, huu ni mkono wako?"

"Ni wangu. Niligonga Jumatano tarehe 11 Novemba 1959, saa sita na nusu mchana."

"Kwa amri ya nani?"

Ermes hakujibu. Bi Loredana alisimama, akasema bila kupaza sauti, "Umekula mezani kwetu kila Krismasi, Ermes. Umenipakata. Leo unaniambia nilikuwa nafuta vumbi gari la nani?" Gari likaondolewa mnadani.

Magazeti yaliandika kwamba ameghushi, mtaani ikasemwa kwamba Mmarekani amemlipa, jambo ambalo Bwana Dettweiler amekuja leo kulikana kwa maandishi, kwani hawajawahi kuonana, na katika baa ya mafundi mmoja wao, ambaye yumo humu na ameomba atajwe, Nello Ansaloni, alimwambia, "Fundi, hebu nigongee na mimi mwaka mpya wa kuzaliwa, nirudi kijana." Wenzake walicheka, Ermes akalipia kahawa yake, na hakurudi tena mahali alipocheza karata miaka hamsini.

Ivonne alimsihi mara nyingi. "Baba, sema tu nani alikutuma."

"Ulitumwa mkono wangu."

"Mkono wako una kichwa chake?"

"Kula, mwanangu, supu inapoa."

Mwezi Julai mapafu yalianza kumsumbua, tarehe 20 Septemba akalazwa hospitali mjini Modena, na huko alifariki Jumatano tarehe 9 Oktoba, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka themanini na minane. Familia iliandika juu ya mnada mistari miwili tu, ya kuomba radhi kwa niaba yake, na mistari hiyo ndiyo iliyokuwa isomwe leo.

Lakini juzi, Alhamisi, saa kumi alasiri, Bi Loredana alibisha hodi, na Ivonne nusura amfungie mlango. Alisema kwamba alipompelekea mama yake, Bi Argia, katika makao ya wazee, habari ya kifo cha Ermes, mama aliomba akalishwe vizuri kitandani, akamwambia, "Loredana, ni mimi niliyemtuma. Baba yako alikuwa amekufundisha kusoma tarakimu kwa namba ya gari lake, ukafungua boneti, ukasoma, ukaniambia hili si la baba, na tangu siku hiyo ukakataa kula. Siku ya tisa nilikwenda karakanani. Nikamwambia, Ermes, mtoto hali, nigongee namba. Akasema, mama, namba haibadilishwi. Nikasema, basi njoo umwambie wewe. Kesho yake wenzake walipokwenda kula, akaja bandani na tupa na nyundo. Aliniapia kwamba mimi nikiwa hai hatanitaja, na mimi tangu Mei nikaona haya kujitaja."

Bi Loredana anakumbuka kwamba alisoma namba mara ya pili, ikawa sawa, na mama akamwambia kuwa mara ya kwanza alisoma vibaya, akaamini hivyo hadi juzi. Alikuwa amesoma vizuri.

Hakuna katika familia aliyejua haya, hata marehemu Bi Iolanda, na wote bado wameduwaa. Bi Argia aliahidi kuja kanisani leo kuyasema kwa kinywa chake mbele ya mafundi wote, na kiti cha magurudumu kilikwisha kodiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa wa Ermes, walioleta chakula hata wakati wengine walipovuka barabara, na mafundi wa Ruozzi, ambao asubuhi hii wameomba kulibeba jeneza. Fundi Ermes, weka nyundo chini, ulale.

Maneno ya Bi Argia yamesomwa na Ulderico Bergonzini kutoka karatasi iliyoandikwa na Bi Loredana, kwa sababu Bi Argia Pignatti alifariki jana, Ijumaa tarehe 11 Oktoba, saa tatu asubuhi.