Nukta Iliyowaka Kila Mara

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi mdogo wake niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi hapa mlimwita Nukta.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, akiwa kifungua mimba, akasoma shule ya msingi ya jirani hadi 1975, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1987 akahitimu shahada ya fizikia.

Tarehe 4 Januari 1988 aliajiriwa katika maabara ya kukagua dawa bandia, na huko ndiko alikounda mashine iliyompa jina, inayopitisha mwanga wa leza kwenye lebo ya boksi la dawa na kuilinganisha na alama ya lebo halisi iliyohifadhiwa, zikilingana inawaka nukta moja kali katikati ya skrini, zisipolingana mwanga unatawanyika ovyo.

Alifunga ndoa tarehe 15 Desemba 1990, nasi mashemeji tukamtania bibi harusi kwamba hakuolewa mpaka alipopimwa kwa leza, naye akatujibu kwamba aliyepimwa ni bwana harusi, na wakajaliwa mabinti wawili.

Agosti 2022 aligundulika ana saratani ya ini, akaanza dawa, lakini akazidi kukonda, na shemeji, mkewe, ambaye hakuwa tayari kumpoteza, akashikilia kwamba dawa ni feki, kwani zikiwa feki, basi halisi zipo mahali na zitatafutwa. Kila boksi jipya alilipeleka maabara, na kila mara nukta iliwaka. La mwisho alilipeleka tarehe 2 Juni 2023, akawaomba mafundi warudie, wakarudia, wakafuta lenzi, wakarudia tena, naye amesimama mbele ya skrini akimwomba Mungu kimoyomoyo mwanga utawanyike. Haukutawanyika. Aliporudi wodini, kaka alimuuliza jambo moja tu, kama nukta ilikuwa kali, akamjibu ndiyo, kali sana, kaka akatabasamu kwa fahari ya fundi, na mkewe akatoka kwenda kulia koridoni, maana hapakuwa tena na pa kutafuta.

Alifariki tarehe 11 Juni 2023, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliotuambia ukweli mapema tukakataa kuusikia, majirani waliotupikia na kulala nasi sebuleni, na wafanyakazi wenzake, hasa mafundi wale waliorudia kipimo bila kumwambia shemeji kwamba jibu wanalijua. Boksi la mwisho bado liko juu ya kabati, limebaki nusu.

Pumzika salama, Nukta wetu, dawa ilikuwa halisi.