Mkono Uliotoa Spana Namba Kumi na Tatu

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Ndugu Lupakisyo Mwakajila anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Mwendo Pole, Mikumi, kwa miaka thelathini na nane. Katika muda wote huo hakutengeneza gari hata moja. Tunalisema hili mapema ili mgeni mwalikwa asije akalisikia nje ya turubai na kulielewa vibaya.

Alizaliwa Kidete mwaka 1965, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Rungwe na kuishia kulima kando ya mto Mkondoa. Wengi wetu hapa ni hivyo hivyo: wazazi waliitwa na kazi, kazi ikaisha, sisi tukabaki. Baba yake alimwachia sanduku la bati la kijani lenye spana kumi na saba, namba nane hadi ishirini na nne, bila namba iliyorukwa. Septemba 1987 alishuka Mikumi na sanduku hilo begani, kuomba kazi ya ufundi.

Karakana ilikuwa na spana tatu, na mojawapo ndiyo iliyokuwa ikifunga mlango. Lupakisyo alifungua sanduku lake saa mbili asubuhi. Ilipofika saa nne, spana zote kumi na saba zilikuwa mikononi mwa watu, naye ameketi analinda sanduku tupu. Alisema ufundi ataanza mambo yakitulia.

Ili yatulie, alipigilia ubao ukutani na kuchora kwa rangi nyeupe umbo la kila spana, pengo lionekane kwa mbali. Alipoanza kuchora hakujua kuacha. Alichora umbo la ufagio, la birika la chai, na la kikombe cha Mama Hildegarda, aliyekuwa karani wakati huo na sasa ni meneja wetu. Mwishowe alichora umbo la Donati, fundi mkuu, kwenye benchi analolalia mchana. Donati alilalamika kwamba kichwa kimechorwa kikubwa mno. Kilipimwa, kikakutwa sawa.

Aliyeazima kifaa aliacha kiatu cha kushoto. Aliyetaka viwili aliacha vyote. Donati aliwahi kuhitaji cha tatu akaacha mkanda, na kwa kuwa mkono mmoja ulibaki kushika suruali, gari la mteja lilitoka siku ya pili. Afisa mmoja wa usalama kazini alipotukagua alikuta mafundi tisa wanachechemea, akaandika kwamba karakana hii inawapa wafanyakazi viatu nusu nusu. Lupakisyo alimwonyesha rafu ya viatu, kila kimoja na karatasi ya jina. Afisa alizisoma karatasi zote, kisha akaomba kuazima bisibisi. Aliondoka Mikumi akiwa na kiatu kimoja, ila bisibisi aliirudisha baadaye.

Mwaka 1994 jeki yetu ilirudishwa kwa mtu mwingine, naye akaipitisha kwa mwingine, hadi ikakutwa Ulaya, kijiji cha hapa hapa wilayani, imeinua kitanda cha bwana mmoja anayeogopa mafuriko. Hapo ndipo Lupakisyo alipoandika ukutani maneno ambayo sote tuliyatia sahihi: KIFAA HUPOKELEWA NA MKONO ULIOKITOA. Hatukujua tunatia sahihi nini.

Mwaka 2006 Mama Hildegarda alipopewa umeneja, jambo lake la kwanza lilikuwa kumwambia Lupakisyo kwamba Jumatatu ataanza kazi ya fundi. Alikuwa amengoja miaka kumi na tisa. Alikuwa na sharti moja tu, lake mwenyewe: fundi hafungui boneti ya mtu na seti pungufu. Jumamosi seti ilikuwa kamili. Jumamosi hiyo hiyo akaingia Koinet, mfugaji wa rika lake, ambaye pampu ya kunyweshea ng'ombe wake ilikuwa imelegea boliti. Aliazima namba kumi na tatu, akaacha katambuga yake ya kushoto, akasema, "Jumatatu asubuhi utaiona."

Koinet ni mtu wa neno lake. Jumatatu alfajiri alikuwa getini. Lupakisyo naye, kwa shauku, alikuwa ameshaondoka na baiskeli kumfuata, kwa njia nyingine.

"Nipe mimi nimwekee," alisema Mama Hildegarda.

"Hapana, mama. Nilipokea kwa mkono wa Lupakisyo. Ukuta wenu unasema."

"Ukuta wetu, au wako?"

"Mimi nimeusoma tu, mama. Nyinyi ndio mmeuandika."

Alikaa hadi mchana, akanywa chai, akaondoka na spana yake. Jioni Lupakisyo alirudi na vumbi la wilaya nzima. Donati alimpigia kelele Mama Hildegarda, "Si ungeipokonya tu!" Lupakisyo akasema amefanya vizuri kutoipokea, akapanda baiskeli tena. Koinet alikuwa ameshahama na ng'ombe.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa miaka kumi na tisa mingine. Spana hiyo tumeiona mara nyingi kuliko tunavyoziona zile zilizopo. Koinet huifungua kutoka kwenye kitambaa chekundu, huionyesha, huifunga. Kamati iliwahi kuamua kufuta yale maneno ukutani, lakini brashi ya rangi ilikuwa imeazimwa. Simu nazo ziliharibu zaidi. Walikubaliana kukutana Ulaya siku ya gulio. Lupakisyo akaona si adabu kumtembeza mtu mwenye mifugo, akapitiliza hadi bomani kwake. Koinet akaona si adabu kumtoa mtu kazini, akaja Mikumi. Walipishana barabarani, mmoja ndani ya basi, mwingine juu ya pikipiki, na abiria wanasema walipungiana mikono kwa furaha. Dereva alikataa kusimama.

Katambuga ya Koinet ingali hapa, imening'inia ndani ya umbo lake. Yeye havai nyingine mguu wa kushoto kila anapokuja kwetu. Anasema akivaa itakuwa kama amekubali kwamba ya kwanza imepotea.

Mnaona basi uzito wa siku ya leo. Saa kumi jioni mkono wa Lupakisyo utaacha kuwa mkono wa karakana, na hakuna mwingine duniani anayeruhusiwa kuipokea spana ile. Atakwenda nyumbani na spana kumi na sita, bado anangoja kuanza.

Kwa hiyo tulitenda. Jana Donati alimleta Koinet kwa pikapu na kumlaza kwake. Lupakisyo alipopata habari alitaka kwenda kumwona papo hapo, ndipo Mama Hildegarda alipomvua kiatu cha kushoto na kukiweka kwenye rafu, chenye karatasi ya jina. Mkimwona meza kuu na soksi, ndiyo sababu. Koinet ameketi safu ya pili, jirani na spika, kitambaa chekundu mkononi. Pikapu iko mlangoni, boneti wazi, boliti moja ya kushikia betri imeachwa bila kukazwa. Ni ya namba kumi na tatu.

Turubai lina milango miwili, nasi tunawafahamu hawa mabwana. Tunaomba asimame mmoja tu. Koinet, kaa, tafadhali. Adabu yako tunaijua. Lupakisyo ndiye atakayekuja, hatua kumi na mbili, tumezipima.

Asante kwa kutulindia vifaa, na kwa kutufundisha kutembea kwa kiatu kimoja. Uishi vyema huko Kidete, wewe na nyumba yako, Fundi Lupakisyo. Ila usiondoke kwanza. Kaza boliti, kisha uje uchukue kiatu.