Mti Aliofungia Kamera Marehemu

Basi la wazee lilikuwa likielea kwenye ukungu kuelekea kliniki, nasi ndani tukisinzia, simu ya mama aliyekaa mbele yangu ilipoita kidogo. Akaitazama, akatabasamu. Mzee wa pembeni yake, aliyevaa kofia ya wawindaji ya rangi ya machungwa ingawa msimu wa kuwinda ulikuwa haujafunguliwa, akachungulia bila haya.

"Kamera ya porini hiyo?"

"Ya marehemu mume wangu. Aliifunga mtini, akaiwekea adapta yenye laini ya simu. Kulungu akipita, picha inanijia. Huyu tulimwita Mchungaji."

Pichani, kulungu alisimama kwenye umande kama aliyesahau alichofuata pale. Pembe yake moja ilikuwa imevunjika, na nyuma yake palikuwa na jiwe kubwa.

"Mama, huyo ni Jambazi. Namwinda tangu nina meno yangu. Huo mti uko wapi?"

"Wewe huna adapta?"

"Ninayo. Inanirushia majani tu, upepo ukivuma."

Kwa sura yake, nilimwamini.

"Basi tazama majani, baba."

"Mumeo angeniambia."

"Hakuniambia hata mimi," mama alisema taratibu. "Mwindaji gani anataja mahali pake? Nimezunguka pori lote, sijauona. Na betri ya kamera inakaribia kuisha."

Mzee akavua kofia. "Hilo jiwe nyuma yake nalijua. Nipe nilitazame vizuri, nitakupeleka."

"Na bunduki yako?"

Mzee akaigeuzageuza kofia mikononi. Basi likasimama mlangoni pa kliniki. Mama alikuwa hajampa simu, wala hajairudisha mkobani.